Masista Wanapopokea Misheni: Mambo ya Kufanya Kabla Wanaoondoka Hawajafunga Virago

Magharibi mwa Kenya si ajabu siku hizi kusikia kwamba shirika la masista kutoka ng'ambo linaondoka na kazi zao zinachukuliwa na masista wa hapa. Wale wa ng'ambo wamezeeka na miito ya utawa kwao imepungua. Mashirika yaliyozaliwa kwetu yana watu wenye elimu na nguvu, yakiwemo Masista wa Maria wa Kakamega, Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu wa Asumbi, na Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko walioanzishwa na Mama Kevin kule Nkokonjeru, Uganda, mwaka 1923. Hii ni neema, na inastahili maandalizi ya kweli.

Mwongozo huu nauandika kwa jumuiya inayotazamia kupokea misheni ya kawaida ya vijijini: zahanati, chekechea, kikundi cha wajane, masista wanaotembelea wagonjwa majumbani. Majengo na magari hupokelewa kwa wiki moja. Kinachowatesa masista wapya miaka miwili mitatu baadaye ni ahadi ambazo wenzao walizitoa kwa mdomo na hakuna aliyeziandika. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ina lengo hilo moja: kilichoahidiwa kiandikwe, na kiandikwe wakati aliyekiahidi bado yupo.

1. Jueni mali ni ya nani

Kabla ya kupanga nani atatumwa na atalala chumba gani, waulizeni baba askofu na shirika linaloondoka: kazi hii ni ya jimbo au ya shirika? Ikiwa ni ya jimbo, masista wanaoondoka walikabidhiwa tu, hivyo anayewapa nyinyi ni askofu. Ikiwa ni ya shirika, kuna mali inayohama mkono, na wakili lazima awepo tangu mwanzo.

Jibu la mdomo halitoshi. Tumeni mtu ofisi ya ardhi ya kaunti apekue rejista na arudi na karatasi yenye mhuri. Sisi huku tuna jambo letu la pekee: Jimbo la Kakamega lilikatwa kutoka Kisumu mwaka 1978, Bungoma likatoka Kakamega mwaka 1987, na kule Bonde la Ufa, Kericho likatoka Nakuru mwaka 1995. Hati miliki iliyotolewa kabla ya mgawanyo huenda bado ina jina la wadhamini wa jimbo mama. Hamtaona ubaya wake mpaka siku mtakapotaka kujenga wodi, au jirani atakaposogeza ua wake hatua kumi ndani.

Kuna pia vipande ambavyo mzee fulani aliwapa mapadre zamani kwa neno lake tu, chini ya mti. Wajukuu zake leo wana hesabu nyingine. Tembeeni mpaka wote pamoja na mzee wa kijiji na majirani, muone mawe ya mpaka yalipo, na pale ambapo mpaka ni mstari wa mkonge au mti wa lusiola, mchoreni na kila mmoja aliyekuwepo atie sahihi.

2. Mkataba na baba askofu

Sheria ya Kanisa iko wazi. Kanuni ya 609 inataka askofu wa jimbo atoe kibali cha maandishi kabla nyumba ya watawa haijaanzishwa. Kanuni ya 681 inasema kwamba askofu akilikabidhi shirika kazi ya jimbo, mkataba wa maandishi lazima ufanywe kati yake na mama mkuu, na ueleze wazi kazi yenyewe, masista watakaoifanya, na mambo ya fedha. Hayo matatu si mapendekezo. Jumuiya inayohamia kwa barua ya kukaribishwa peke yake imeanza kazi bila ulinzi wowote.

Nataka kukaa kidogo kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo masista wetu huona haya kusema. Sista muuguzi anayefanya zamu ya usiku na kuamkia kliniki ya akina mama ana haki ya posho inayojulikana, inayolipwa kwa tarehe inayojulikana, kwa akaunti ya jumuiya. Andikeni kiasi. Andikeni nani analipa bima ya afya ya masista, nani anatengeneza paa la konventi likivuja, nani ananunua tairi za gari la misheni, na mwaka wa mapumziko au masomo wa kila sista unagharamiwa na nani. Kujitoa kwetu ni kwa Mungu, nako hakumwondolei mtu wajibu wa kutulisha tunapomfanyia kazi. Andikeni pia namna ya kuachana: ilani ya miezi mingapi, na vitu mlivyonunua kwa pesa zenu vitakuwa vya nani.

Jumuiya isipungue masista watatu. Mmoja aijue kazi kuu ya misheni kwa taaluma, mmoja awe na hesabu za fedha mkononi, mmoja awe huru kwa ajili ya watu na jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Sista mmoja kubeba yote matatu ni kumvunja.

3. Chagueni majira, kisha muishi pamoja

Ombeni kipindi cha kuishi na masista wanaoondoka. Miezi mitatu au minne ndicho kiasi ninachokiamini; wiki mbili zinatosha kuonyeshwa vyoo na ghala tu.

Majira yana maana kubwa huku kwetu. Mvua ndefu huanza Machi, watu wako mashambani na mahindi, na malaria hupanda baada ya mvua hizo. Zahanati ya ukanda wa ziwa mwezi wa Juni si mahali pa kujifunzia. Foleni inafika getini tangu alfajiri. Januari nayo ni mwezi wa karo, na kila mzazi aliyewahi kusaidiwa atakuwa mlangoni. Mpango mzuri ni sista wa kwanza kufika Septemba, wengine wafuate Oktoba, hesabu za mwaka zifungwe Desemba, na sahihi zitiwe baada ya hesabu hizo kukaguliwa.

Sista atakayekuwa karibu na watu aanze lugha mapema. Huwezi kumtembelea ajuza wa Khwisero au Nyakach kwa Kiswahili cha sanifu na kutegemea atakuambia kinachomuuma. Salamu ya "mulembe" kwa Kiluhya na "oyawore" kwa Kijaluo ni mlango tu. Ajifunze majina ya magonjwa, ya undugu na ya matanga.

4. Daftari la ahadi

Hili nunueni jipya, lenye jalada gumu. Ni kazi ya kipindi chote cha kuishi pamoja, na kwangu ni muhimu kuliko orodha ya mali.

Gaweni kila ukurasa safu: aliyeahidiwa, alichoahidiwa, nani alimwahidi, mpaka lini, gharama kwa mwezi, na uamuzi. Kisha mkae na sista anayeondoka jioni, si mara moja, maana mambo haya hukumbukwa mojamoja. Mtaanza kusikia. Yuko mama mwenye ugonjwa wa sukari anayechukua dawa na kulipa akivuna. Yuko kijana wa kidato cha pili ambaye karo yake ilikuwa ikitumwa na rafiki wa sista kule Uholanzi. Kuna nyumba sita zinazochota maji kwenye tangi la misheni kila jioni bila kulipa, kwa kuwa bomba lilipita kwenye shamba lao. Kuna mlinzi wa usiku aliyeambiwa atapewa mabati akistaafu. Yuko nyanya anayepata unga kila Ijumaa.

Msiishie kwa masista. Mpishi anajua. Mlinzi anajua zaidi. Katekista, wahudumu wa afya ya jamii na mwenyekiti wa kikundi cha wajane kila mmoja ana kipande chake. Ombeni pia daftari la madeni ya dawa pale zahanati, lile lenye kurasa zilizolowa na majina yaliyokatwa kwa wino wa rangi mbili, na mpitie jina kwa jina na muuguzi aliyeandika. Mara nyingi deni lililokaa miaka mitano si deni tena; sista alishalisamehe kimoyomoyo bila kulikata. Liamueni sasa.

Safu ya uamuzi ina majibu matatu. Tunaendelea. Tunamaliza kwa mpango, kwa mfano karo mpaka kidato cha nne halafu basi. Haturithi.

Hilo la tatu lina kanuni moja ambayo naomba msiiache: ahadi ambayo hamwezi kuibeba imalizwe na yule aliyeitoa, ana kwa ana, kabla hajaondoka. Sista anayeondoka aende kwa yule mlinzi, aketi naye, amweleze kwamba mabati hayatakuwepo, au amtafutie njia ya kuyapata sasa. Itamuuma. Lakini akiondoka kimya, mlinzi atakuja kwenu akiwa na haki moyoni, mtamjibu hapana, na jina litakalobaki kijijini ni kwamba masista Waafrika ni wagumu, wazungu walikuwa wema. Jumuiya nyingi nzuri zimebeba jina hilo bila kosa lolote.

5. Vitu, vyumba na funguo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kanuni ya 1283 inadai kwamba kabla msimamizi mpya hajaanza kazi, orodha sahihi ya mali iandikwe na kutiwa sahihi, nakala moja ikae kwenye misheni na nyingine jimboni, na kila badiliko liandikwe katika zote mbili. Ifuateni neno kwa neno.

Namna ya kuifanya: ingieni chumba kwa chumba, watu watatu, mmoja wa kila upande na mmoja wa jimbo. Mmoja anataja, mmoja anaandika, mmoja anapiga picha kwa simu. Andikeni hali ya kitu, si idadi peke yake. Vitanda kumi ambavyo vinne vimevunjika springi si vitanda kumi. Kila ufunguo ujaribiwe kwenye kufuli lake papo hapo, kisha uvishwe kipande cha plasta ya hospitali na kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito: ghala la unga, friji ya chanjo, sanduku la sakristia. Ufunguo usiofungua kitu utolewe kwenye mshipi. Kufuli lisilo na ufunguo libadilishwe siku hiyo, na mfanye hivyo hivyo kwa mlango ambao ufunguo wake wa akiba "uko kwa fundi".

Maji nayo yanataka siku yake. Tembeeni na fundi wa misheni kutoka kisimani hadi bomba la mwisho, mkifungua na kufunga kila valvu, na mchore ramani. Fundi huyo akifa bila ramani, mtachimba ua mzima.

Kwenye zahanati angalieni tarehe za dawa kopo kwa kopo, na zilizopita muda zitengwe ziharibiwe kisheria kabla ya nyinyi kutia sahihi. Friji ya chanjo isomwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi asubuhi na jioni. Ombeni karatasi za vipimo za miezi ya nyuma, zitawaambia kama stima hukatika mara nyingi na kama mnahitaji sola. Fungueni akaunti yenu MEDS, ghala la dawa ambalo Kanisa Katoliki na makanisa ya Kiprotestanti yaliliunda kwa pamoja mwaka 1986, kabla akaunti ya masista wanaoondoka haijafungwa.

6. Wafanyakazi

Watu hawa watakuwa na hofu tangu siku ya kwanza kusikia fununu, na fununu hutangulia barua. Waambieni mapema, mkiwa pamoja na sista anayeondoka.

Mwajiri akibadilika, kuna njia mbili za haki. Ya kwanza: mwajiri wa zamani anamaliza nao, anawalipa likizo na haki zote walizolimbikiza, anawapa cheti cha utumishi kama Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inavyotaka, nanyi mnawapa barua mpya. Ya pili: mnawapokea na miaka yao yote, kwa maandishi na kwa ridhaa yao, na mwajiri wa zamani anawaachia pesa za haki hizo. Njia ya tatu, ambayo ndiyo hutumika sana, ni kunyamaza na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo inageuka deni lenu siku mpishi wa miaka ishirini anapostaafu.

Kama kuna nafasi zitakazofutwa, sheria hiyo inadai ilani ya mwezi mmoja kwa mfanyakazi, au kwa chama chake kama ni mwanachama, na kwa afisa wa leba, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Masista wanaoondoka wafanye hilo wenyewe.

Ombeni kuona risiti za makato ya NSSF, bima ya afya, kodi na ushuru wa nyumba, na muhakikishe kila mfanyakazi jina lake limo. Makato mengi yanapaswa kufika si zaidi ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na malimbikizo huvuta faini. Kanuni ya 1286 inawakumbusha wasimamizi wa mali ya Kanisa kushika sheria za kazi na kulipa ujira wa haki, kwa hiyo hatuna kisingizio.

7. Leseni, laini za simu na akaunti

Zahanati huhitaji leseni ya kila mwaka ya baraza la madaktari, na mhudumu mkuu awe na leseni yake binafsi iliyo hai. Ikiwa sista muuguzi anayeondoka ndiye mhudumu mkuu, siku atakayopanda ndege zahanati inabaki bila mtu wa kuisimamia kisheria. Mrithi wake awe ameshapata kibali na jina lake limebadilishwa kwenye leseni na kwenye mkataba wa SHA, yaani bima ya afya ya serikali, la sivyo madai ya bima yatakataliwa.

Rekodi za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Makaratasi ya zamani yasichomwe wala kupelekwa ng'ambo kama kumbukumbu.

Laini za simu ndizo husahaulika zaidi. Namba ya M-Pesa inayopokea karo ya chekechea huenda imesajiliwa kwa kitambulisho cha sista mmoja. Mita ya stima ina jina la padre aliyekufa zamani. Barua pepe ya misheni nywila yake iko kichwani mwa mtu. Badilisheni kila moja sista mwenyewe akiwepo kaunta. Benki nazo huomba kumbukumbu za mkutano zilizotiwa sahihi kabla ya kubadilisha watia sahihi, na hilo huchukua wiki kadhaa, hivyo lianzeni Oktoba.

Kama misheni ina nyumba ya watoto, simameni hapo kwanza. Mkakati wa kitaifa wa malezi wa mwaka 2022 hadi 2032 unaelekeza watoto warudi kwenye familia na jamii. Kaeni na afisa wa watoto wa kaunti ndogo, mpate faili ya kila mtoto na mpango wa kumrudisha nyumbani, kabla hamjakubali kupokea hata kitanda kimoja.

8. Wafadhili

Marafiki wa masista wanaoondoka waliwapenda masista hao kwa majina. Msidhani watawapenda nyinyi kwa barua moja. Ombeni sista awatambulishe kwa kila mmoja yeye mwenyewe, na muulize kila mfadhili mambo mawili: ataendelea, na kwa muda gani?

Pesa zilizoko zigawanywe kwa makusudi yake. Kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Pesa za darasa hazinunui pikipiki, hata kama pikipiki inahitajika kweli. Kisha pigeni hesabu ya mwaka mzima bila shilingi moja ya ng'ambo: malipo ya wagonjwa, bima ambayo huchelewa, karo, mavuno ya shamba, maziwa. Pengo mtakaloliona ndilo la kuzungumza na askofu na shirika linaloondoka wakati mazungumzo bado yana nguvu. Ombeni msaada unaopungua pole pole kwa miaka mitatu, si kukatwa ghafla.

9. Watu

Fanyeni mkutano na jumuiya ndogo ndogo, mwingine na chifu na wazee, na msiwasahau majirani wasio Wakatoliki. Waquaker, Waanglikana na Waislamu huja zahanati ile ile. Katika mmojawapo, masista wanaoondoka wasiwepo. Watu wetu wana adabu, hawatasema mbele ya mgeni wao wa miaka thelathini kwamba kikundi cha ushonaji kilikufa kitambo, au kwamba cherehani ziko nyumbani kwa mtu mmoja. Ulizeni mlichokuwa mkikipenda ni nini, kipi kilikuwa kizito, mlitaka nini mkaona haya kusema. Msijibu lolote siku hiyo. Andikeni.

10. Siku yenyewe na miezi ya kwanza

Misa, nyimbo, ng'ombe na hotuba, kamati ya parokia inazijua kuliko mtu yeyote, waachieni. Shughuli yenu siku hiyo ni moja, sahihi zote ziwe zimetiwa kabla ya misa, maana baada ya chakula hakuna anayesoma karatasi.

Miezi mitatu ya mwanzo msibadilishe saa za kliniki, bei, wala sare za watoto, isipokuwa kwa jambo la usalama au la sheria. Kaeni kila Jumamosi na daftari la ahadi, mtie alama zilizotimizwa. Na mkubaliane na sista aliyeondoka kwamba watu wakimpigia simu kulalamika, atawaambia warudi kwenu. Namba yake mnayo, mtamuuliza nyinyi mkihitaji.

Mwezi wa sita nendeni ofisi ya jimbo na mkataba mkononi. Pitieni kifungu baada ya kifungu na mweka hazina wa jimbo. Kile ambacho hakijatekelezwa, hasa cha posho na matengenezo ya konventi, kipewe tarehe mpya na kitiwe sahihi hapo hapo, na nakala irudi nanyi nyumbani.